Mlima wangu ukifika kwenye karatasi unakuwa kichuguu

SWALI: Nimekuwa nikipanda milima na kuchora kwa miaka kadhaa. Nikiwa juu napiga picha kwa simu, nikirudi nyumbani nazichora kwa akriliki. Wenzangu wanazisifu kazi zangu, lakini mimi nikizitazama naona mlima umegeuka kichuguu. Ule ukubwa ulioninyamazisha, ule upweke wa nyika, haumo. Tatizo ni mkono wangu, ni rangi, au ni lazima nichore nikiwa palepale mlimani? Je, ninaruhusiwa kubadilisha nilichokiona? Na kwa kazi ya namna hii, nitumie rangi za maji, akriliki au mafuta?

JIBU: Ndugu msomaji, mkono wako tuuache kwanza. Mtu anayechora mlima kutoka kwenye picha na wenzake wakautambua, huyo kuchora anajua. Ninachokiona katika maelezo yako ni kwamba umekuwa ukiuchora mlima na kuuacha umbali. Jicho halina namna ya kujua ukubwa wa mlima kwa kuutazama mlima peke yake. Jiwe la kimo cha goti na jabali la mita elfu moja vinaweza kuwa na umbo lilelile, nyufa zilezile na kivuli kilekile. Kinachovitofautisha ni vile vilivyoko kati yako na kilele: bonde la kuvuka, hewa iliyojaa mwanga, miti inayozidi kupungua hadi ikawa nukta, wingu lililokatiza katikati. Viondoe hivyo, utabaki na pembetatu, na pembetatu haina kimo.

Simu ndiyo inayoanza kuviondoa. Kamera yake kuu ina lenzi pana, inayoingiza mengi kwenye picha kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kilele kinapewa sehemu ndogo tu huku majani na mawe ya miguuni pako yakijitanua. Pale juu hukutazama hivyo. Macho yaling'ang'ania kilele, akili ikakikuza, vya karibu vikasahaulika. Picha haijui ulikuwa unatazama nini. Ukiinakili kama ilivyo unanakili uamuzi wa lenzi. Safari ijayo simama palepale upige mbili: moja ya kawaida, nyingine umevuta kwa lenzi mara mbili au tatu. Ya pili itakaribia zaidi unachokikumbuka.

Lakini kuna jambo baya kuliko lenzi. Simu za sasa huichakata picha kabla hujaiona: huangaza vivuli, hutuliza sehemu zenye mwanga mkali, hukoleza rangi, na mara nyingi hupunguza utusitusi wa mbali ili kila kitu kionekane safi. Kwa mpiga picha wa harusi hiyo ni hisani. Kwa mchoraji wa milima ni hasara tupu, kwa sababu ule utusitusi uliosafishwa ndio uliokuwa ukisema kwamba mlima uko mbali.

Ndiyo maana nakuomba uichukulie hewa kuwa kitu cha kuchorwa. Kati yako na safu ya mbali kuna kilomita nyingi za hewa iliyopigwa na jua, na hewa hiyo hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu. Leonardo da Vinci aliliona hilo kwa macho yake na kuliandika karne nyingi kabla mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh hajalieleza kwa hesabu mwaka 1871. Mlima wenye giza ulioko mbali hutuma mwanga kidogo sana, hivyo unachokiona hasa ni mng'ao wa hewa iliyoko mbele yake. Ndipo unaonekana wa bluu na mwepesi. Hapo wachoraji wengi wanafika. Kila anayeanza hutia bluu nyuma na kuridhika.

Nusu ya pili wengi huipita. Kitu cheupe kilichoko mbali, kama theluji au wingu, hakielekei kwenye bluu hata kidogo. Mwanga wake ni mwingi, na katika safari ndefu hewa huupokonya bluu, kwa hiyo unafika ukiwa na joto kidogo, rangi ya krimu au manjano hafifu sana. Theluji ya mbali ukiipaka nyeupe ya bluu na kali itaruka mbele na kukaa juu ya karatasi badala ya kukaa nyuma ya bonde. Vivuli juu ya theluji ya karibu, hivyo ndivyo vyenye bluu, kwa sababu jua likizibwa kinachoviangaza ni anga. Kwa hiyo picha moja inaweza kuwa na mwamba wa mbali uliogeuka bluu na theluji juu yake iliyogeuka krimu. Ukiona hivyo mara moja, hutaacha kuviona.

Na kabla hata ya rangi kuna toni, yaani kiasi cha weusi na weupe. Chukua kazi yako mojawapo, ipige picha, uigeuze iwe ya rangi moja. Tafuta mahali peusi kuliko pote kwenye mlima wa mbali, kisha palinganishe na peusi kuliko pote kwenye mawe ya karibu. Nadhani utakuta vinalingana. Kama vinalingana, mlima wako na mawe yako vimesimama kwenye ukuta mmoja, na rangi yoyote utakayoongeza haitavitenganisha. Weusi mzito ni mali ya vilivyo karibu. Kadiri unavyokwenda mbali, giza linapungua na tofauti kati ya giza na mwanga inajibana. Kabla ya kugusa rangi, jizoeze michoro midogo ya penseli, ya sentimita 6 kwa 9 hivi, kwa toni tatu tu: nzito, ya kati, nyepesi. Fanya mitano au sita kwa mandhari ileile, ukihamisha giza huku na kule. Ukishindwa kupata umbali kwa toni tatu, turubai kubwa na mirija ishirini ya rangi havitakusaidia.

Sasa, nyika ya juu ina hila yake, na nadhani ndiyo inayokukwamisha wewe kuliko mtu anayechora vilima akiwa bondeni. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua. Kwenye mita kama 5,500 shinikizo la hewa ni takriban nusu ya lile la usawa wa bahari. Hewa hiyo nyembamba, kavu, isiyo na vumbi, hutawanya mwanga kidogo. Anga la utosini linakuwa bluu nzito, na mgongo wa mlima ulioko umbali wa saa nyingi za kutembea unaonekana na kingo kali kana kwamba ungeweza kuutupia jiwe. Mchoraji akiupaka ukungu wa bluu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, picha inapoteza ule ukali wa mahali pa juu. Akiuacha mkali kama alivyouona, umbali unatoweka. Nimeona wachoraji wazuri wakishindwa na hapa tu.

Njia ya kutoka ni kuacha kuitegemea hewa na kutumia vielelezo vingine. Cha kwanza ni kufunikana: mgongo wa mlima ukikata mwingine, nao ukikata wa tatu, jicho linahesabu hatua. Cha pili ni ukubwa wa chembe. Kwenye kifusi cha mawe kilicho karibu kila jiwe lina sura yake. Mbele kidogo mawe yanakuwa changarawe. Mbele zaidi ni rangi tupu isiyo na chembe. Watu huharibu kwa kuchora nyufa za jabali la mbali kwa ukali uleule wa jiwe la miguuni, eti kwa sababu wanazijua zipo. Cha tatu, nikipendacho kuliko vyote, ni kivuli cha wingu. Wingu likipita, linaweka giza pana katikati ya mandhari na kuacha nuru nyuma yake. Kivuli hicho hakina umbo la lazima wala mahali pa lazima, kwa hiyo unaweza kukilaza popote unapotaka jicho livuke. Mchoraji wa milima asiyetumia vivuli vya mawingu anajinyima bure.

Kuhusu ukubwa, waliofikiri sana juu yake ni wachoraji wa China wa enzi ya Song. Guo Xi, ambaye mchoro wake wa mwanzo wa majira ya kuchipua una tarehe ya mwaka 1072, alieleza umbali wa aina tatu: wa juu, ukiwa chini unatazama kilele, wa kina, ukichungulia kutoka mbele ya mlima kuelekea yaliyo nyuma yake, na wa tambarare, ukitazama kutoka mlima wa karibu hadi milima ya mbali. Picha zako, kama zimetoka kwenye simu iliyoinuliwa usawa wa macho, nahofia zote zina umbali huo wa tatu peke yake. Hakuna kinachokulazimisha kuinua shingo. Guo Xi pia alifundisha kwamba ukitaka mlima uwe mrefu usiuonyeshe wote. Ufunge kiunoni kwa ukungu. Jaribu, utashangaa. Kilele kikikatwa na wingu kutoka kwenye shina lake, akili inalazimika kukisia kilichofichwa, na hukisia kikubwa.

Kabla yake, karibu na mwaka 1000, Fan Kuan alichora hariri yenye kimo cha mita mbili na ushei, ambayo sasa iko kwenye Jumba la Makumbusho la Kifalme la Taipei. Jabali moja linajaza sehemu kubwa ya juu. Chini yake ukungu umetanda. Maporomoko ya maji yanashuka membamba kama mstari mmoja, na pembeni chini kabisa kuna msafara wa wanyama wa mizigo, wadogo kiasi kwamba unaweza kuwapita bila kuwaona. Mpango huo unafaa kuigwa neno kwa neno: kipimo kidogo na kilichojificha, pengo la ukungu, kisha wingi wa mwamba. Msafara ungekuwa mkubwa mara mbili na kuwekwa katikati, tungekuwa tunatazama picha ya wasafiri.

Hapo ndipo ilipo tofauti na mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich, ambaye mnamo mwaka 1818 alimsimamisha mtu juu ya mwamba akiwa ametugeuzia mgongo, mbele yake bahari ya ukungu. Picha ni maarufu na inastahili, lakini mtu yule ameshika katikati yote. Tunatazama kutazama kwake. Wewe umeandika kwamba unatafuta upweke wa nyika, kwa hiyo shauri langu ni kuwa mchoyo wa watu. Kipimo unakihitaji, lakini kinaweza kuwa mti wa mwisho kwenye mpaka wa miti, uliopindishwa na upepo, au uzi wa maji, au ndege mmoja mbele ya kivuli. Njia ya watembea kwa miguu, ngazi, kibao cha kuelekeza, vitoe. Njia moja nyembamba inatosha kuliambia jicho kwamba wengine wameshapita, na upweke unakwisha hapohapo.

Hilo linanileta kwenye swali lako la ruhusa. Ndiyo, badilisha. Wote wamebadilisha. Mchoraji wa Marekani Thomas Moran alifuatana na msafara wa uchunguzi wa Ferdinand Hayden kwenda Yellowstone mwaka 1871, na rangi zake za maji pamoja na picha za William Henry Jackson zilisaidia kulishawishi Bunge la Marekani kuitenga Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa, Machi 1872. Mchoro mkubwa wa korongo la Yellowstone alioukamilisha mwaka huo, ambao Bunge liliununua kwa dola 10,000, hauonyeshi mahali popote unapoweza kusimama. Aliunganisha mitazamo kadhaa, na hakuficha kwamba kunakili neno kwa neno hakukumvutia. Mjapani Hokusai, katika mfululizo wake wa Mlima Fuji wa miaka ya mwanzo ya 1830, uliotangazwa kuwa wa picha 36 ukafikia 46, aliichongoa miteremko ya Fuji kuliko ilivyo. Mfaransa Cézanne aliurudia mlima wa Sainte-Victoire kwa miongo, mlima usiozidi sana mita 1,000, na waliokwenda baadaye kupiga picha kutoka alipokuwa akisimama wamekuta kilele ni kidogo kuliko alivyokichora. Alichora ukubwa kama macho yake yalivyoushika.

Mipaka ipo, hata hivyo. Albert Bierstadt naye alirefusha vilele vya Rocky Mountains, akavimwagia nuru ya jukwaani, na hata wakosoaji wa zama zake walimlalamikia. Mimi sigombani na urefu. Kinachonichosha ni kwamba kila kitu kimepigiwa kelele mara moja: kilele, wingu, maporomoko, ziwa, vyote vinaomba makofi. Unaweza kukuza kitu kimoja ikiwa vingine umevituliza.

Kwa hiyo mimi huweka mstari wangu hapa: mahali pa vitu na ukubwa wake ni vyako, lakini mifupa ya mlima na mwanga si vyako. Hamisha mti, sogeza mgongo wa mlima, futa bonde la pili. Usibadilishe namna mwamba unavyovunjika. Mawe ya tabaka hukaa kwa mistari inayoendelea upande mmoja hadi mwingine wa bonde. Granaiti hupasuka kwa nyufa ndefu au hubanduka kwa maganda na kuacha kuba. Kifusi cha mawe kilichomwagika chini ya genge hakisimami wima, hulala kwa mteremko wa nyuzi 35 hivi, awe aliyekichora anapenda au hapendi. Bonde lililochongwa na barafu lina sakafu pana na kuta zilizosimama. Lililochongwa na mto limebana chini. Mtazamaji asiyejua jiolojia hawezi kukutajia kosa, lakini atahisi mlima ni wa karatasi. Na mwanga uwe mmoja. Wachoraji wa kutoka picha kadhaa huunganisha kilele cha asubuhi na bonde la alasiri, kisha wanashangaa kwa nini kazi haitulii.

Je, ni lazima kuchorea palepale? Kumalizia palepale, hapana. Mchoraji Mwingereza Turner alipokwenda milima ya Alps mwaka 1802 alirudi na mamia ya michoro, mingi ya penseli na chaki, na kwa miaka iliyofuata akatengeneza kutoka humo picha kubwa akiwa ndani. Friedrich naye aliunganisha miamba ya safari mbalimbali akiwa studio. Lakini hao walikuwa wamekaa. Kukaa ndiko unakokosa unapopiga picha na kuendelea na safari. Beba daftari dogo, penseli laini na kipande cha mkaa. Keti angalau nusu saa mahali pamoja. Dakika za mwanzo chora ramani ya vivuli tu, kwa sababu ndivyo vitakavyohama. Ukishavifunga, usivifuate tena hata jua likikuvutia. Kisha andika. Maneno yanasaidia kuliko rangi uliyochanganya kwa haraka: "kivuli cha genge chepesi kuliko msitu", "theluji ya mbali ina joto kuliko wingu", "kilele kinaonekana mara mbili ya nilivyokichora". Hilo la mwisho liandike kila mara, pima kwa jicho kabla simu haijakuambia vingine. Mwanga wa waridi wa machweo juu ya vilele hudumu dakika chache, na simu huukoleza mno, kwa hiyo huo usiuchore kabisa. Uandike, ukaujenge baadaye.

Mambo ya usalama nitayapita haraka, maana wewe ni mpandaji. Ila mchoraji aliyezama kazini husahau anga. Oktoba 1906 Cézanne alinaswa na dhoruba akichora nje na hakuishi wiki nyingi baada ya hapo. Na maji uliyosafishia brashi usiyamwage kwenye kijito. Rangi zenye kadimiamu na kobalti ni sumu. Yarudishe chini kwenye chupa.

Rangi zenyewe ndizo zinazonisumbua kidogo kuliko yote uliyouliza. Mlimani beba za maji: nyepesi, hukauka, hazina harufu. Kwenye baridi kali maji huganda juu ya karatasi, na wachoraji wa tangu zamani huyatia pombe kali kidogo. Mafuta hayagandi kirahisi, lakini kushuka na turubai mbichi kwenye upepo ni adhabu, hivyo yaache nyumbani. Akriliki yako ibaki ya nyumbani pia, kwani upepo huikausha kabla hujaitandaza. Udhaifu wake kwa milima ni kwamba kingo zake hukauka kali, na safu ya mbali inataka kingo laini. Sehemu yote ya mbali ikishakauka, tandaza juu yake tabaka jembamba la rangi iliyochanganywa na maji au kilainishi cha akriliki, kisha urudi mbele na giza lako.

Usinunue rangi nyingi. Bluu ya ultramarini, kahawia ya siena iliyochomwa, manjano ya udongo na nyeupe zinatosha kwa mwaka mzima. Ultramarini na siena zikikutana hutoa kijivu cha mwamba, chenye joto au baridi kulingana na ipi imezidi, na kijivu hicho kikiongezwa nyeupe kidogo kidogo kitakupeleka kutoka jiwe la miguuni hadi mgongo wa mwisho. Anza na ile kazi inayokukera zaidi. Ichore upya kwa rangi hizo nne, kilele ukikate kiunoni kwa wingu, na giza lote uliweke kwenye theluthi ya chini ya picha.